Wenzo wa Baba Mkwe

Siku hizi mkamwana na baba mkwe wanakula meza moja na kutaniana, wala hakuna anayeshangaa. Enzi za Mwingereza, kule milima ya Ileje, thubutu. Jenista aliolewa na mtoto wa mzee Ambilikile, mpasua mbao, akaishi na mzee huyo ua mmoja miaka mingi asimwone uso, maana ilikuwa mwiko. Mzee akikohoa tu, yeye huyo, kajifunika kanga na kukata kona. Hadi leo uzeeni, akisikia mtu akikohoa njiani, mkono wake unatafuta kanga, na roho inamuuma kwa kumkumbuka.

Sauti ya mzee aliijua vizuri. Akitwanga nyuma ya ghala, alimsikia akiwafokea wanawe wanaohangaika na magogo: "Acheni kutumia kifua. Chomeka wenzo, egemeo liwe karibu na gogo, wewe kaa mbali, lalia taratibu." Wenzo huo ulikuwa mti mgumu, mrefu kuliko mtu, uliokaushwa kwa moshi wa jiko la Jenista mwenyewe. Yeye ndiye aliyeupaka mafuta.

Siku moja wanaume wote walikuwa msibani ng'ambo ya mto. Mzee, kwa ubishi wake, akaenda kuviringisha gogo la mninga peke yake. Likamponyoka, likambana mguu.

Jenista alisikia kilio, akakimbia, akakwama nyuma ya migomba. Kumsogelea ni mwiko, kumwacha ni kumuua.

Mzee aliiona kanga. Akavuta kofia yake kuukuu, akajifunika uso mzima.

"Njoo, mama. Sikuoni."

Jenista akaja kichwa chini. Akachomeka wenzo, akasukumia jiwe chini yake.

"Egemeo karibu," sauti ikatoka kofiani.

"Najua, baba."

Hilo ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia. Akalalia wenzo kwa uzito wake wote, gogo likanyanyuka, mzee akajivuta. Kufumba na kufumbua Jenista alikuwa jikoni, kanga usoni.

Mwiko ukarudi palepale. Ila mguu ulipopona, Jenista alikuta mlangoni kwake wenzo mpya, mfupi, uliochongwa kwa kimo chake.

Mzee alipofariki, wanawake walimwambia aingie kuaga, sasa ruksa kumtazama. Jenista akaingia macho chini, akaitungua ile kofia ukutani, akamfunika uso. Kisha akakaa karibu naye, kwa mara ya pili maishani, akalia.