Fundi Aliyembana Mfalme

"Huna pa kwenda, umeshindwa!" Fundi cherehani aligonga meza, kete za chesi zikaruka.

"Sina pa kwenda, lakini nani kanigusa?" Kinyozi alijibu huku akifuta miwani. "Mfalme wangu hajashambuliwa, ila hana pa kukanyaga. Hiyo ni sare, bwana. Uliza klabu nzima."

Klabu nzima, yaani wazee wa chumba kile cha juu ya duka la rangi, ikaitikia: sare. Fundi aliijua sheria hiyo. Nusu yao, yeye ndiye aliyewafundisha. Malkia anaye, ngome anayo, mwenzake kabaki na mfalme peke yake, na bado kakosa kushinda! Ni ule ugonjwa wake wa kubana. Nguo ikimfikia mkononi lazima aipunguze kidogo hapa, kidogo pale, mpaka bibi harusi mmoja alishinda wima kutwa nzima, na kucheka akacheka kwa macho tu. Leo kambana mfalme vivyo hivyo.

Akashusha sauti. "Ndugu yangu, nimemwahidi mke wangu: leo nisiposhinda, chesi basi, Jumamosi zote narudi kwenye cherehani. Akija kunifuata, mwambie nimekupiga."

"Wateja wakisikia nimepigwa na wewe, nani ataniachia kichwa chake?"

"Nakuomba, jamani!"

Kinyozi akatabasamu. "Haya, shemeji nitamdanganya. Ila kwanza panda kitini, useme ukweli wako. Kwa sauti."

Fundi akapanda. Aibu ilimwasha mwili mzima, lakini alipoona wenzake wameanza kucheka, ulimi ukapata mafuta.

"Mabwana! Mimi ni bwege, tena bwege wa kuzaliwa! Nimepewa malkia, nimepewa ngome, nimepewa na mchana kutwa! Mfalme wa watu ananitazama, anasema, 'Nimalize, baba, nikapumzike.' Mimi nambana huku, nambana kule, hata kufa nimemnyima nafasi!"

Walicheka mpaka makopo ya rangi yakacheza rafuni kule chini. Fundi akanogewa.

"Na nikifika nyumbani navimba kifua kama jogoo! Namwambia yule mama, leo mumeo kashinda, naye ataamini, maana chesi yenyewe haijui, atanipakulia na—"

Kicheko kikakatika, kuanzia upande wa mlango. Kinyozi akarudia kufuta miwani yake iliyokwisha kung'aa.

Mkewe Fundi alikuwa amesimama kizingitini, mikono kiunoni.

"Nitakupakulia nini?"