Waliokuja na Waliokubali

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa boksi la kalamu na rundo la karatasi, nikaambiwa nisirudi na karatasi tupu. Ilikuwa kampuni ndogo ya ushauri, katikati ya jiji la Nairobi, iliyokusanya maoni ya wananchi ili serikali ishawishike kuboresha treni ya abiria ya Kisumu. Mimi ni mtu wa Mombasa, na tangu utotoni nimesutwa kwa kuuliza maswali mengi. Hapo nikaona udadisi wangu umepata ajira.

Chifu huitisha baraza, sisi tunaeleza ramani, watu wanauliza. Mlangoni huwa na karatasi ya mahudhurio: jina, simu, sahihi. Kule mtaa wa Uthiru waliniuliza kama treni itabeba kuku. Kule Muthangari, mzee mmoja alitaka kujua tu kama madirisha yatafunguka. Niliandika yote, nikifurahi mno, maana anayeulizia dirisha keshaanza safari.

Waithaka ndiko nilikoumbuka. Mama Njeri aliuza mboga ndani ya hifadhi, yaani ule ukanda wa ardhi kando ya reli usioruhusiwa kujengwa. Alikuja barazani, akatia sahihi mlangoni, kisha akasimama akapinga mradi waziwazi. Ripoti ilipobandikwa kwa chifu, jina lake lilikuwa kati ya waliokubali.

"Madam," alinipigia simu, "mimi nilisign juu ya kuja tu. Mbona mnasema nimekubali kibanda yangu ibomolewe?"

Niliona haya. Mkurugenzi wetu wa Miradi ndiye aliyeambatisha karatasi ile ya mahudhurio kwenye ripoti, lakini mimi ndiye niliyempelekea bila kuuliza ataitumiaje. Mimi, bingwa wa kuuliza! Nikampandia ofisini.

"Bi Mwanaisha," alisema bila kuinua kichwa, "asiyetaka treni angekuja kikaoni kufanya nini?"

"Kusema hataki, Bwana Mkurugenzi."

Tulivutana wiki nzima. Mwishowe orodha ikarekebishwa, ikabaki fupi ya kutia aibu, naye akaniuliza kama nimeajiriwa na kampuni au na mama mboga. Tangu hapo nilibeba karatasi mbili: ya waliokuja na ya waliokubali. Nilirudi Waithaka mara tatu, hadi nafasi ya soko ikachorwa kwenye ramani ya kituo. Mama Njeri alitia sahihi ile ya kwanza tu.

"Hiyo ingine nitasign nikiona soko," alisema. Sikumlaumu.

Sasa nimestaafu, nimehamia huko huko Waithaka, na treni nzuri bado tunaingoja. Naitaka kwa moyo wote. Nataka kukaa dirishani mchana kutwa mpaka Kisumu, nione nani anapanda wapi na amebeba nini. Kwa hiyo juzi baraza jipya lilipoitishwa, nilikuwa wa kwanza kufika. Kijana mlangoni akanipa kalamu, nami nikainama kuandika jina langu.

Mkono ukanishika bega. Alikuwa Mama Njeri, mvi kichwa kizima.

"Madam, si uulize kwanza hiyo ni karatasi gani?"