Mkono wa Mwosha Maiti

Wanawake wa Likoni wakifiwa na mama au dada, humwita Mwanabibi aje kumwosha maiti wao. Kazi hiyo ameifanya tangu ujanani, na wafiwa wakimwona akiingia na kanga zake mbili, moyo huwatulia. Ndiyo maana alilificha bega lake.

Lilianza kwa maumivu ya usiku, kisha likakauka kabisa. Kuchana nywele hawezi, kujifunga kanga kwa nyuma hawezi; mkono wa kulia ukifika usawa wa kifua unagoma. Alichuliwa kwa mafuta ya habasoda hadi ngozi ikababuka. Halafu jirani akamvusha kwa feri hadi mjini kwa tabibu wa homiopathi, mzee mpole aliyemsikiliza kuliko daktari yeyote, akamuuliza hata ndoto zake. Akampa vidonge vyeupe, vidogo kama punje za mtama, vya kuyeyusha chini ya ulimi.

"Dawa zako nyingine usiache, mama," alimwambia.

Mwanabibi aliitikia. Lakini vidonge vile vilikuwa vitamu, tena havikumsokota tumbo kama vya ugonjwa wa sukari. Vya sukari akavisukuma nyuma ya kabati.

Ndipo alipoitwa kwenye msiba mtaa wa Bofu. Marehemu alikuwa mama mzito wa mwili. Binti yake, Salsabil, alishika shuka ya stara upande wa miguuni, na Zuleikha, mpwa wa Mwanabibi, alimimina maji. Ukafika wakati wa kumlaza maiti ubavu wa kushoto. Mwanabibi alipitisha mkono chini ya bega la marehemu, akavuta.

Maumivu yalimpasua kutoka shingoni hadi kiwikoni. Vidole vikalegea. Mwili ukaanza kuteleza juu ya ubao uliolowa, kuelekea ukingoni.

"Shangazi!"

Zuleikha alitupa jagi, akaukinga mwili kwa kifua chake.

"Mama yangu!" Salsabil alilia. "Mnamwangusha mama yangu!"

Mwanabibi alijaribu kusaidia, mkono haukutii. Kinywa kilikuwa kikavu, macho yanaona ukungu. Aliegemea ukuta.

"Maliza wewe, Zuleikha."

"Peke yangu?"

"Salsabil atakusaidia. Mimi n'takwelekeza."

Wakamaliza hivyo, yeye akisema kwa sauti iliyokauka, wao wakifanya. Salsabil hakumtazama tena.

Kesho yake Zuleikha alimpeleka zahanati bila kumuuliza. Sukari ilikuwa imepanda vibaya. Daktari alimrudisha kwenye vidonge vyake vya sukari, akampeleka kwa Gladys, mtaalamu wa viungo. Gladys aliuinua ule mkono taratibu mpaka Mwanabibi akauma kanga.

"Bega limeganda, mama. Wenye sukari huwapata sana."

"Hakuna sindano?"

"Ipo, na hutuliza maumivu. Lakini hupandisha sukari, kwa hiyo tuishushe kwanza. Tutafanya mazoezi, utalikanda kwa maji moto, na usubiri. Huenda ikachukua mwaka, au zaidi."

"Na vile vidonge vitamu vya homiopathi nilivyopewa mjini?"

"Sijaona ushahidi kwamba vinalegeza bega. Lakini si hivyo vilivyokudhuru. Kilichokudhuru ni kuviacha vile vya sukari."

Siku ya arubaini ya marehemu haijafika, Mwanabibi alirudi Bofu. Salsabil alimkuta barazani, akasimama mlangoni bila kumkaribisha.

"Nilijua mkono ni mgonjwa," Mwanabibi alisema. "Nikaja hivyo hivyo. Nisamehe, mwanangu."

Mwanabibi akaanza kuinuka.

"Mama hakuanguka," Salsabil akasema. "Keti, nikuletee chai."

Bega lililegea polepole. Sasa mkono wafika usawa wa sikio, haupiti hapo. Juzi aliitwa kwenye msiba mtaa wa Shika Adabu. Hakuvuka kizingiti kabla ya kusema.

"Mkono wangu ni mgonjwa. Atakayemgeuza marehemu ni Zuleikha. Mimi nitamimina maji."

Mwenye nyumba aliwatazama wote wawili, akawapisha waingie.