Nilimwandalia Sanda Mtu Aliyekuwa Anapona

Kosa ni langu. Sitamsukumia mchawi wala daktari. Mimi ni bibi kizee wa huku Kimwani, kusini mwa Bukoba, kuandika nilifundishwa na katekista, basi mnivumilie.

Mume wangu alipogeuka manjano macho yote, tulimpeleka Bukoba. Daktari Mzungu akampasua, akatoa uvimbe kwenye kongosho, kile kinofu kilichojificha nyuma ya tumbo. Kidonda kikaanza kuvuja maji makali yanayochubua ngozi. Daktari akasema, "Mwacheni hapa, aoshwe kila siku. Yatakauka, lakini yatachelewa."

Nani alimsikiliza? Mimi niliona mtu anavuja, nikajua amekwisha. Kwetu mwanamume huzikwa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba. Nikamrudisha nyumbani kwa ubishi wangu.

Ole wangu! Harufu ilinishinda. Nikamlaza kwenye kibanda cha nje, nikamtengea sahani yake peke yake. Hata akamwani, kahawa ya kutafuna ninayompa mgeni yeyote kwa mkono wangu, yeye nikamnyima.

Kisha nikatafuta lubugo, lile shuka la gome la mti tunalozikia watu. Nikalianika mbele ya mlango wake!

Akalitazama. "Zuri hilo," akasema. "Ulinipima lini?"



Dada yake akaja kumwona, akaliona lubugo. "Wifi, kaburi nalo umeshachimba, au ulinisubiri nije na jembe?" Akamchukua kwake Nshambya, karibu na hospitali. Akamwosha asubuhi na jioni, miezi mingi, bila kuziba pua. Maji yakakauka.

Mume wangu aliishi miaka tisa! Alirudi, akapogoa migomba yake, akawaoza binti zetu wawili. Hakunifukuza wala hakunipiga. Ila nikimpa akamwani, hakuipokea mkononi mwangu.

"Weka chini," alikuwa akisema.

Miaka tisa, jamani. Weka chini.

Siku alipofariki, lubugo langu lilikuwa limekwisha kuliwa na mchwa. Wifi ndiye aliyeleta jingine. Mimi nilimfumbatisha kahawa mkononi kabla hajapoa. Hapo hakuweza kusema kitu.

Nyinyi mlio na mgonjwa anayevuja, chemsheni maji, mwosheni. Siku za kuishi hamkuzigawa nyinyi. Na kahawa mpeni angali anaweza kuikataa.