Geti la Mpini wa Ufagio

Nilipoanzisha darasa la chekechea hapa mpakani Tunduma, nilitenga kona moja ya chumba iwe nyumba. Niliweka masufuria mabovu, jiko la udongo na kitanda cha mwanasesere, nikasubiri watoto wapike na kulea kama nilivyofundishwa chuoni kwamba watoto hufanya. Walipika kidogo, wakachoka. Asubuhi moja nikakuta kitanda kimegeuzwa kuwa meza ya ofisi, na mpini wa ufagio umelazwa juu ya viti viwili. Watoto wangu, ambao kila siku hupita kando ya foleni ya malori kuja shuleni, walikuwa wamejenga mpaka.

Sikuwa na moyo wa kuubomoa. Malori yalikuwa maboksi yenye magurudumu yaliyokatwa kwenye ndala kuukuu, na mzigo ulikuwa magunzi ya mahindi. Afisa, mtoto mwenye sauti nene kuliko umri wake, aliwapokea madereva wa kutoka ng'ambo kwa Kibemba, "Mulishani mukwai!", kisha akawageukia kwa Kiswahili: "We, rudi nyuma! Foleni huioni?" Ndani ya foleni hiyo mlikuwamo wa kwanza, wa pili na wa tatu, pamoja na ugomvi mkali juu ya nani ni nani, na nakiri kwamba ubaoni nisingeweza kulifundisha somo hilo likawa hai namna ile.

Mimi niliongeza jambo moja tu: kila dereva awe na karatasi yenye jina lake, aliloliandika mwenyewe. Wakalipokea kwa ukali wa watu waliozaliwa mpakani. Asiye na jina, ufagio haunyanyuki. Mwenye jina hugongewa muhuri wa kiazi kilichochovywa kwenye rangi. Mtoto baada ya mtoto alikuja kuomba penseli bila kuitwa, nami nikajiona nimewajibu ndugu zangu wa Ileje, ambao hawaachi kunitania: "Chuo kikuu chote kile, umeishia kuimba na watoto!"

Ila palikuwa na binti mmoja ambaye hakuwahi kuja kuomba. Katika shughuli za mpakani hakuna aliyemfikia: daima alikuwa na mzigo, daima alikuwa na haraka. Ukimpa penseli aliishika kama mwiko wa ugali, akachora lori, akaiacha mezani na kwenda zake.

Mama yake huvusha mchele na vitunguu kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Jioni moja alikuja kumchukua, akabaki mlangoni wenzake walipoondoka.

"Mwalimu, samahani, naomba kuuliza. Hivi mwanangu hapa anajifunza nini?"

"Anajifunza kupitia michezo, dada yangu."

"Kucheza alikuwa anacheza nyumbani, tena bure. Mtoto wa jirani yangu ana daftari limejaa, A mpaka Z, zote zina vema nyekundu. Wangu ananiletea magunzi mfukoni."

Nikaanza kueleza habari za vidole kukomaa na akili kuchangamka. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sawa, mwalimu. Lakini mkifunga shule na hajui kuandika jina lake, namhamishia shule ya mtoto wa jirani. Usinichukie."

Sikumchukia. Nililala nikimwaza binti yule akikalishwa kitini tangu asubuhi hadi mchana, akijaza mstari mmoja wa herufi moja. Nilikijua kiti hicho. Nilipokuwa mdogo kule Itumba, Ileje, niliweza "kusoma" ukurasa mzima kwa sauti, wageni wakapiga makofi, hali kitabu nimekishika juu chini. Nilikuwa nimekariri wimbo tu. Kwa hiyo daftari lililojaa halinitishi wala halinidanganyi. Lakini nilipaswa kuwa mkweli upande wa pili pia: binti huyu alikuwa amecheza muhula karibu wote, na jina lake alikuwa hajaliandika hata mara moja.

Nilimkaribisha mama aje aone. Alikuja amejifunga khanga juu ya sweta, kwa maana baridi ya asubuhi ilikuwa haijaisha, akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakakaribia kidevu. Mpaka ulifunguliwa. Binti yake alifika getini akikokota boksi lake.

"Karatasi," afisa akasema.

"Sina."

"Basi kaa pembeni."

Binti hakubishana. Alisogeza boksi pembeni, akakumbatia magunzi mawili na kutokomea nyuma ya kabati la vitabu. Baada ya kitambo akachomoza upande wa pili wa geti, mikono mitupu, akarudi kuchukua mengine mawili.

"Unaenda wapi wewe?" afisa akafoka.

"Napita njia ya panya."

Mwalimu mwenzangu, kijana aliyetoka chuo cha ualimu si zamani, aligeukia ukutani mabega yakimtikisika. Katika mji huu hakuna asiyejua vichochoro vinavyolikwepa geti, wala hakuna aliyejiuliza mtoto huyu alivijulia wapi. Mama alijifunika uso kwa ncha ya khanga.

"Mwalimu, mimi huyu sijamfundisha!"

"Mama, usiongee!" binti akamkemea akirudi mikono mitupu kwa safari ya tatu. "Nikisahau hesabu je? Nimepitisha sita, yamebaki matatu. Nikibeba mawili litabaki moja, nalo nalirudia peke yake."

Tuliangalia ndani ya boksi. Yalikuwa matatu.

Mama alicheka mpaka akapangusa machozi, nami nikadhani nimepona. Alipoinuka, alikung'uta khanga na kusema, "Hesabu nimeziona, mwalimu, nakubali. Jina sijaliona." Akaenda zake sokoni.

Mchana, watoto walipokwisha kuondoka, mwenzangu aliniambia alichokuwa amekiweka moyoni muda mrefu. "Dada, mchezo wako mzuri sana. Ila penseli nayo haijishiki yenyewe. Nipe huyu mtoto nimkalishe."

"Ukimkalisha wenzake wakicheza, ataichukia penseli maisha yake yote."

"Na tukimwacha, tutamkosa."

Tulikuwa sahihi sote wawili, na hilo ndilo lililotuudhi. Hatimaye tulikubaliana kwamba mimi nitashughulika na mpaka, naye atashughulika na penseli.

Kesho yake niliwauliza watoto, kana kwamba sijui, wanaonaje kuhusu ile njia ya nyuma ya kabati. Mkutano ulikuwa mfupi. Wakaweka mlinzi mwenye filimbi. Binti alipofika na mzigo, filimbi ikalia; alipojaribu kupita chini ya meza, ikalia tena. Alisimama akitazama malori ya wenzake yakigongewa kiazi, kisha akanijia amevimba mashavu.

"Madamu, nipe karatasi. Niandikie haraka, mzigo utaoza."

Mkono wangu ulikuwa umeshaifikia penseli. Mwenzangu akawahi kumvutia kiti. "Njoo kwangu. Jina lako linaanza na M. Ni milima miwili. Panda, shuka, panda, shuka." Alimshikisha penseli vizuri, akamwonyesha mara moja, akamwachia.

Karatasi ya kwanza afisa aliigeuza huku na huku. "Mlima mmoja umeanguka." Akamrudisha. Ya pili ilikosa herufi ya mwisho. "Hili jina halijaisha." Nikatamani kumwingilia afisa yule, lakini binti alikuwa amekwisha kukimbilia mezani akipiga kelele: "Nishikieni nafasi yangu! Wa pili ni mimi!" Ya tatu ilipanda na kushuka kama milima ya Ileje yenyewe, na ilisomeka. Ufagio ukanyanyuka.

Siku ya kufunga shule nilimkabidhi mama karatasi ile yenye muhuri wake wa kiazi. Aliisoma taratibu, herufi kwa herufi, huku binti akimwongoza kwa kidole. Kisha akaikunja, akafungua pochi na kuiweka penye kitambulisho chake.

"Afadhali," akasema, "sasa mmoja wetu ana karatasi ya kupita getini."

Muhula mpya ulipofunguliwa, binti alifika akiwa na daftari jipya mkono mmoja, na mkono wa pili akiburuta nusu gunia la magunzi.