Nimejiunga na gemu la zamani nikiwa na miaka 37 kwa sababu ya mama mkwe. Kwa wanaojiuliza kama wamechelewa

Wakuu, heshima kwenu nyote. Wa kuamkiwa nimewaamkia.

Wiki iliyopita kuna mwenzetu aliuliza humu kama inafaa kuanza leo gemu la mtandaoni ambalo wenzake wanalicheza zaidi ya miaka kumi na tano. Mkamshambulia kweli kweli. Mmoja akamwambia akalime.

Sikumjibu siku ile kwa sababu jibu langu ni refu. Leo nimepata nafasi. Nasimulia yaliyonikuta mimi mwenyewe bila kutia chumvi, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni fundi majokofu, naishi Ilemela, nimepanga nyumba juu kabisa kwenye mawe. Ukija kunitembelea beba maji ya kunywa.

Nilipeleka barua ya posa Usagara, kwa kina Leticia, mchumba wangu. Mshenga wangu alipokelewa vizuri, akala kuku, akarudi anachekelea. Nikajua kazi imeisha.

Miezi mitano, kimya.

Baba yake Leticia alishatangulia mbele za haki. Mpokeaji wa barua ni baba yake mdogo, mzee mpole sana. Mshenga alipofuatilia akajibiwa, "Sisi wanaume hatuna neno. Mama yake ndiye anasema kijana hamjui."

Wakuu, niliwaka. Hanijui vipi wakati nimekwenda pale mara mbili na suruali imepigwa pasi?

Hapa niwaeleze kidogo nilivyolelewa. Kwetu mama mkwe hasogelewi. Mkikutana njiani unampisha, hata kama ni kuingia kwenye majani. Hukai naye sehemu moja, humtazami usoni, humletei maongezi. Mama yangu mzazi alinifundisha hayo kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

Kwa hiyo mara zote mbili nilikaa nje na baba mdogo, na kila mama alipopita mimi nilikuwa nakagua viatu vyangu. Mara ya pili alisimama akaniuliza kama aniongezee mboga. Nikamjibu, "Shikamoo."

Sasa nikamuuliza Leticia, mama yako atanijuaje wakati heshima yenyewe inanikataza kujulikana?

Akasema, "Mama anacheza gemu. Kila Jumamosi saa tisa alasiri. Jiunge."

Nilicheka mpaka nikaona mwenzangu hacheki.

Kumbe zamani mama alikuwa na internet cafe mjini Mwanza. Vijana walikuwa wanajazana pale kucheza hilo gemu la mashujaa na mapango (jina silitaji, mashabiki wake ni wakali). Siku moja akakaa mwenyewe ajue kinachowafanya wasahau kula. Cafe ilifungwa, vijana wakaoa, yeye akaunti yake hajaiacha mpaka leo. Kompyuta iko sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani.

Ana miaka 61, wakuu. Yuko level ya juu kabisa. Ndiye mbeba ngao wa kikundi chao, yaani anatangulia mbele na kupigwa kwanza ili wengine wapone.

Nilijishauri wiki nzima. Gemu lenyewe ni la kale, miti yake kama mafungu ya mchicha. Wenzako wote wana farasi na mapanga yanayowaka, wewe unaanza na fimbo unaua panya. Mtu mzima, fundi, nina watu wananiita mheshimiwa kule kwetu Sengerema, niue panya?

Halafu kuna ile aibu ya kuingia mahali ambapo watu wana utani wao, wanakumbushana ya miaka ile, wewe unacheka tu ili usionekane hukuelewa. Hiyo ndiyo iliyokuwa inanirudisha nyuma kuliko panya.

Lakini nilikuwa nampenda Leticia. Bado nampenda, anasoma huu uzi.

Nikapakua. Siku mbili. Kwangu mtandao unapatikana dirishani tu, kwa hiyo laptop iliwekwa dirishani siku mbili na majirani wakadhani naiuza.

Leticia akanishauri niwe healer, kwa sababu wa kwao aliacha. Kazi ya healer ni kuwatibu wenzake wanapopigwa, hasa mbeba ngao. Nikafanya mazoezi wiki tatu za panya, nguruwe pori na dharau.

Jumamosi ya kwanza nikaingia. Tulikuwa watatu, tunasikilizana kwa earphone. Mimi, mama, na Bwana Kirit, mfanyabiashara wa spea pale mjini, mteja wa cafe tangu enzi hizo. Yeye anapiga mishale na kulalamika.

Mama akatokea barabarani. Mavazi ya chuma, pembe mbili kichwani, ngao kama mlango wa geti.

Nikampisha.

Sikuamua, mkono wenyewe ulibonyeza. Nikatoka barabarani, nikaingia kwenye majani, na kwa kuwa kuna kitufe cha kuchuchumaa nikachuchumaa kabisa. Nikasema shikamoo.

"Marahaba. Simama mwanangu, mbwa mwitu wanakuja."

Wakaja kweli. Sasa ili kumtibu mtu kwenye hilo gemu lazima uwe karibu naye, hatua chache tu. Mimi kila mama akirudi nyuma upande wangu, nasogea. Akija kulia, naenda kushoto. Kuna wakati nilikuwa nyuma ya mti kabisa, nimegeuzia uso kwingine.

Mama akafa. Bwana Kirit akafa. Mimi nikabaki hai nyuma ya mti, na adabu zangu zote.

Tukarudia. Wakafa tena. Jumamosi iliyofuata, hivyo hivyo. Bwana Kirit akauliza, "Huyu fundi anatengeneza friji kutoka nyumba ya pili?"

Nilichukia kidogo tu. Moyoni nilikuwa najisifu. Nilijiambia mama anaona jinsi nilivyofundwa, hata kwenye kompyuta simsogelei. Nikawa nasubiri barua ijibiwe wiki hiyo hiyo.

Jumamosi ya tatu, baada ya kufa mara ya nne siku hiyo, mama aliuliza taratibu sana.

"Mabula, hebu niambie. Kila nikikusogelea unakimbia. Unaniogopa?"

Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikajibu kwa sauti ya barazani, "Hapana mama. Kwetu mkwe hasogelewi. Ni heshima."

Nikasikia jogoo wa Usagara kwenye earphone.

"Na mimi nikifa huku unaniheshimu, hiyo heshima naipeleka wapi?"

Akazima.

Leticia alinipigia jioni ile, sauti imebadilika. Mama alikuwa ametamka mbele ya baba mdogo kwamba mtu atakayemwacha binti yake afe kwa sababu ya adabu hamtaki, na barua irudishwe.

Nikaanza kujitetea, gemu ni gemu, vifo vyenyewe si vya kweli, mtu anafufuka baada ya sekunde kumi. Leticia akaniacha nimalize. Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia.

Siku baba yake alipozidiwa, mume wa dada yake mkubwa alikuwa pale pale uani. Mtu mzuri, mwenye heshima zake, nguvu kama trekta. Lakini mama mkwe wake alikuwa chumbani na mgonjwa, na chumba cha wakwe hakiingiwi. Akasimama nje anauliza kwa adabu kama kuna la kusaidia. Mama akambeba mumewe peke yake, kutoka kitandani mpaka mlangoni. Akaanguka naye kizingitini.

"Tangu siku hiyo," Leticia akasema, "mama akisema hamjui mtu, ana maana hajui kama ataingia."

Wakuu, nilikaa dirishani na ile laptop nikajiona mjinga. Miezi yote nilidhani napewa mtihani wa tabia njema, kumbe tabia njema ndiyo iliyokuwa inanifelisha.

Nikamwomba Leticia anisemee, nipewe Jumamosi moja tu. Sijui alisema nini. Mama akakubali, ila akachagua pango gumu kuliko yote, la jitu la mawe. Bwana Kirit akasema yeye anakuja kuangalia tu msiba.

Saa tisa. Tukaingia. Pango jembamba, majani ya kujificha hakuna, mti hakuna. Nadhani alilichagua kwa makusudi.

Jitu likainuka. Mama akatangulia na ngao. Mimi nikasogea hatua moja, nyingine, nyingine tena, mpaka nikawa nimesimama ubavuni kwake kabisa. Huku nyumbani nilikuwa nimevua kofia na jasho linanitoka, nawaambia ukweli.

Nikatibu. Akapigwa, nikatibu. Bwana Kirit akaacha kulalamika, na hiyo pekee ni habari.

Halafu nikaliona lile jitu linanyanyua mguu. Mama hakuliona. Na mimi ndiye wa kumwambia, na kumwambia ni kumwamrisha, na kumwamrisha mama mkwe...

"MAMA RUDI NYUMA!"

Nilisimama kwenye kiti. Jirani wa chini akasema "Jamani!"

Mama akarudi nyuma. Mguu ukatua pale alipokuwa. Ukanikuta mimi.

Nikafa, wakuu. Kisha Bwana Kirit, kisha mama, maana mbeba ngao bila healer hana safari ndefu. Tukalala wote watatu pangoni, mashujaa wa bure.

Nikasikia kicheko. Mama anacheka mpaka anakohoa. "Leo tumekufa vizuri," akasema. Nikaomba radhi kwa kumpazia sauti. Akaniambia nisiombe radhi kwa kitu cha kwanza cha maana nilichokifanya.

Keshokutwa yake nikaitwa Usagara.

Nikakaa nje na baba mdogo na wazee wengine wawili, kama kawaida, viti vyetu upande wa uani. Mshenga pembeni, hata kuku alimla kwa mashaka.

Mama akatoka ndani. Hakupita. Alikuja na kigoda chake, akakiweka karibu kabisa na kiti changu, bega kwa bega, akakaa.

Miguu yangu ikaanza kuinuka yenyewe. Naapa, ilishafika nusu. Baba mdogo akakohoa. Mzee mmoja akatazama juu ya paa. Mama alikuwa anatazama mbele tu, mikono magotini.

Nikakaa.

Nikageuka nikamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Ana kovu dogo juu ya jicho. Nikajua ni la wapi, sikuuliza.

Nikamwambia, "Mama, pole kwa yale ya baba. Ningeingia."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Akaitikia kwa kichwa polepole, akajifuta uso na ncha ya kanga, kisha akamgeukia baba mdogo.

"Huyu namjua. Mjibuni barua yake."

Basi. Tumefunga ndoa, Leticia yuko hapa ananisahihisha herufi.

Sasa kwa yule mwenzetu aliyeuliza. Hujachelewa. Utaua panya, utachekwa, utaingia kwenye utani usioujua, na pengine hutawafikia wenzako hata siku moja. Mimi mpaka leo ni healer wa kawaida sana, Bwana Kirit atawathibitishia. Lakini angalia kwanza nani yuko ndani. Kama kuna mtu unayetaka akujue, ingia hata kama gemu lina umri wa kuoa.

Na heshima si kitu kibaya, msininukuu vibaya. Mama yangu mzazi bado hajui kwamba nimewahi kumpigia kelele mkwe, na naomba ibaki hivyo. Ila nimejifunza kwamba heshima ya kusimama mbali ni rahisi sana, haikugharimu chochote.

Haya, uwanja ni wenu. Nyinyi wenye wakwe, semeni ukweli bila kujificha nyuma ya majina ya bandia: akianguka leo, mnasimama hatua ngapi kutoka kwake?