Kanyaga na Weye, Papa!

Nianze kujicheka mwenyewe, maana mkinitangulia mtaniumiza. Mimi, fundi wa breki katika gereji ya Mbelgiji mmoja hapa Bukavu, nilishindwa kusimamisha gari nililolitengeneza kwa mikono yangu, tena mbele ya kanisa, watu wakitoka misa.

Lilikuwa gari kubwa la Kimarekani, lenye zile breki mpya zinazosaidiwa na injini: injini inavuta hewa kwa mpira mwembamba, wewe unagusa tu pedali kwa ncha ya kiatu. Lilikuja gerejini pedali ikiwa ngumu kama jiwe. Nikakagua mafuta ya breki, nikatoa hewa iliyonaswa kwenye breki za magurudumu, bure, mpaka nikaona ule mpira umepasuka. Nikaubadilisha, pedali ikalainika. Patron, yule Mbelgiji, akasema Jumapili asubuhi nikalijaribu hapa hapa mjini, basi. Mimi huyo mpaka Bagira, mbali na gereji, kumchukua baba yake Furaha (nilikuwa nimeshaomba kumwoa binti yake, na mzee alikuwa hajajibu), nimpeleke misa ya pili amekaa mbele kama chifu.

Njiani nikamweleza kila kitu, mpira, hewa, injini, naye akitikisa kichwa kwa heshima. Kwenye mteremko wa kanisani nikaona esansi, yaani petroli, imepungua, nikahofia patron atajua nimekwenda mbali, nikazima injini, gari literemke lenyewe. Madereva wote wa malori walifanya hivyo kwenye miteremko yetu (lakini malori yao ya zamani hayakuwa na breki za kudekezwa).

Mara ya kwanza breki ilishika vizuri, kwa nguvu iliyobaki, kisha ikaanza kukataa, kisha jiwe! Na badala ya kukumbuka somo nililotoka kulitoa mwenyewe, nikadhani mpira umechomoka, nikazidi kukanyagakanyaga, nikavuta breki ya mkono, ikalia tu.

"Mutoto wangu," mzee akauliza akiitazama pedali, "freni iko wapi?"

"Iko nguvu sawa jiwe, Papa! Leta muguu! Kanyaga na weye!"

Akarusha kiatu chake cha Jumapili juu ya changu, tukasukuma wote wawili, kiwiko chake kwenye honi, gari linashuka na makelele, kina mama wanakimbia wameshika vitenge, padri mlangoni anafanya ishara ya msalaba. Likasimama karibu kabisa na ngazi. Hakuna aliyeumia! Nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakaanza kucheka, na honi bado inalia, maana mzee alikuwa hajaondoa kiwiko.

"Ulizima motere?" akaniuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Ile yenye ulisema inavuta hewa?"

"Ni ile ile, Papa."

Akanyoosha koti lake. Nikajua Furaha nimemkosa.

"Furaha utamuoa," akasema. "Muntu mwenye anaita musaada mbele ya kufa, anaweza kuishi na mutoto wangu. Lakini siku ya ndoa, siye tutakuya na miguu."

Tangu hapo sijazima injini kwenye mteremko, na sitazima, hata esansi iwe ya mwisho duniani. Na siku ya ndoa walitembea kweli, ukoo mzima, kutoka Bagira mpaka kanisani, na mimi katikati yao na suti yangu, viatu vimejaa vumbi, nafurahia kila hatua.